Naomba ushauri: Wi-Fi ya laptop imepotea baada ya sasisho la Windows 11

Wakuu, laptop haioni mtandao wowote tangu isasishwe, ila simu iliyo pembeni yake inashika vizuri, kwa hiyo ruta haina kosa. Kwenye Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta) kadi ya Wi-Fi ina kialama cha njano, Code 10, yaani kifaa kimeshindwa kuanza. Roll Back Driver, kitufe cha kurudisha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya awali, imefifia, haibonyezeki. Draiva ya zamani haikubaki. Nimeizima laptop kabisa kwa amri ya shutdown /s /t 0, maana ikizimwa kawaida, Fast Startup (kipengele cha kuwaka haraka) huamka na hali ileile ya draiva. Bado.

Je, nifute draiva pamoja na faili zake, niweke ya mtengenezaji kwa flashi? Nahofia Windows Update itairudisha ile mbovu. Au nirudi toleo la awali kabla siku 10 ambazo Windows huruhusu kurudi hazijaisha? Naomba msaada, kazi zimesimama.