Mhariri wa jarida la vijana wa sekondari: mtu anaanzia wapi?

mwanafunzi_wa_kalamu:
Habari wakuu. Nina diploma ya uandishi wa habari na nia yangu ni kuhariri jarida la vijana wa miaka 13 hadi 19, la aina ya Fema, linalotolewa na shirika la Femina Hip la Tanzania. Niandae nini cha kuonyesha ninapoomba kazi? Toleo moja huchukua muda gani? Na lugha je, sanifu au ya mtaani?

meza_ya_uhariri:
Karibu mkuu. Uhariri mkuu haupewi mgeni. Huanza na uandishi wa safu au usahihishaji, ndipo uhariri msaidizi. Peleka kazi tatu: makala ya maneno 400 (ndiyo inayoingia ukurasa wa A4 wenye picha moja), mahojiano, na makala ya mtu mwingine ikionyesha ilivyokuwa kabla na baada ya kuihariri. Hiyo ya tatu ndiyo inayotazamwa zaidi, maana waandishi wazuri ni wengi, lakini wanaoweza kukata maneno 900 yabaki 400 bila kupoteza sauti ya mwandishi ni wachache mno.

Ratiba hupangwa kwa kurudi nyuma. Tuseme jarida lifike shuleni katikati ya Julai. Usafirishaji wiki 2, uchapaji 2, usanifu wa kurasa na pruf (nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa) 3, uhariri 2, uandishi 4. Kwa hiyo kikao cha mada ni katikati ya Aprili. Kinachoharibu ni kupuuza kalenda ya shule: mzigo ukifika Desemba unalala stoo hadi Januari, na Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani.

fundi_kurasa:
Niongeze ya kiwandani. Jarida la kubanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Ukiwa na 33, futa moja au tafuta tatu. Picha au rangi inayofika ukingoni ipitilize milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kitaacha mstari mweupe pembeni.

Picha ni nukta 300 kwa inchi. Iliyopunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600 inatosha sentimita 13 na nusu tu, na jalada la A4 linahitaji karibu 2,550. Mpiga picha akitumia WhatsApp, aitume kama dokumenti ili isipunguzwe. Na ubadilishe rangi za skrini kuwa za uchapaji kabla ya pruf, maana kijani na bluu kali hufifia zikifika kwenye karatasi.

sanduku_la_barua:
Mimi naomba tuzungumzie barua za wasomaji, kwani hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na gazeti la watu wazima.

Kuficha jina hakutoshi. "Msichana wa kidato cha pili, shule ya bweni, wilaya fulani" anajulikana na bweni zima. Ondoa shule, wilaya na kidato. Bakisha umri na swali. Kwenye picha angalia beji ya sweta. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo picha yake inahitaji idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Sahihi ya mwalimu mkuu haichukui nafasi ya mzazi.

Maswali ya afya yajibiwe na daktari au muuguzi, kisha mhariri arahisishe lugha, halafu jibu lirudi kwa daktari kabla ya kuchapwa. Hatua hii ya mwisho huachwa kwa haraka, na neno moja likibadilishwa dozi au siku zinapotoka. Barua ya msomaji anayefanyiwa ukatili isisubiri toleo: aliyeiandika aelekezwe siku hiyohiyo kwa namba 116, ya msaada kwa watoto Tanzania na Kenya.

mwanafunzi_wa_kalamu:
Asanteni sana. Lugha bado, wakuu.

meza_ya_uhariri:
Sanifu nyepesi kwenye makala, ya mtaani ndani ya nukuu tu. Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010, inakaa vizuri kwa Sheng kwa sababu ni katuni na wahusika wanaongea. Makala ya kawaida ikijaa misimu huchakaa kabla haijafika Sumbawanga. Wape wanafunzi 6 hadi 8 wasome kwa sauti mbele yako. Wanapokwama, sentensi ndiyo mbovu, iandike upya.

fundi_kurasa:
Na kama unafikiria kuanzisha lako, leseni kwanza. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai hivyo kwa machapisho ya Tanzania, na maombi hupelekwa Idara ya Habari MAELEZO.