Mjadala: Je, Walakota wapokee fidia ya Black Hills au warudishiwe ardhi yao?

Naomba nifungue mjadala kwa kuweka wazi msimamo wangu: Walakota, tawi la Wasioux, ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, wana haki ya kuikataa fidia ya Black Hills, vilima walivyonyang'anywa mwaka 1877, na serikali ya Marekani inapaswa kuwarudishia vilima vile, walau sehemu iliyo mikononi mwake yenyewe. Najua tutatofautiana, kwa sababu fedha hizo, ambazo pamoja na riba zimepita dola bilioni 1, hazijaguswa huku watu wengi wa Pine Ridge, eneo lililotengwa kwa Walakota, wakiishi katika umaskini mkubwa.

Turudi kwenye mkataba. Mwaka 1868, katika mkataba na Wasioux uliotiwa saini kwenye ngome ya Fort Laramie, serikali ilikubali kwamba vilima hivyo, ambavyo sehemu kubwa imo katika jimbo la South Dakota la leo, vimo katika ardhi ya Wasioux, na kifungu cha 12 kikakataza kuachia sehemu yoyote bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, akaingia na msafara wa watu wapatao 1,000, dhahabu ikaonekana, wachimbaji wakamiminika. Serikali ilipotaka kununua mwaka 1875, ilikataliwa. Mwaka uliofuata, baada ya Custer kuuawa na Wasioux na washirika wao katika vita vya Little Bighorn, Bunge la Marekani likaamua kwamba Wasioux hawatapewa tena posho ya chakula mpaka waviachie vilima. Hebu mtazameni mzee aliyenyang'anywa bunduki na farasi, ambaye wajukuu wake wanaishi kwa nyama na unga wa kugawiwa na serikali hiyohiyo, akiwekewa karatasi mbele yake na kuambiwa aiguse kalamu, ihesabiwe kuwa ametia saini. Hata kwa shinikizo hilo, waliokubali walikuwa takriban asilimia 10 tu ya wanaume wazima, na bado sheria ya kuitwaa ardhi ikapitishwa mwaka 1877.

Wapo wanaosema kwamba Walakota nao waliwasukuma wengine, wakiwamo Wakiowa, kabila jingine la wenyeji, kabla ya kuimiliki nchi ile. Ni kweli, na si haki kulificha jambo hilo. Lakini Marekani haikuvitwaa vilima ili iwarudishie Wakiowa. Ilivitwaa kwa ajili ya dhahabu, kutoka kwa watu ambao yenyewe ilikuwa imewawekea ahadi ya maandishi miaka 9 tu nyuma.

Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ilithibitisha kwamba ardhi ilichukuliwa bila malipo ya haki, ikaidhinisha dola milioni 17.1 pamoja na riba tangu 1877. Fedha tu, kurudisha ardhi ni kazi ya Bunge. Na kwa wanaohofia kwamba wakazi wa leo watafukuzwa majumbani, muswada alioupeleka Seneta Bill Bradley mwaka 1985 ulihusu ekari zipatazo milioni 1.3 za ardhi ya serikali kuu, bila kugusa nyumba za watu. Haukupita.

Mwaka 2012 makabila ya Wasioux yalichanga takriban dola milioni 9 kununua Pe' Sla, mahali pao patakatifu ndani ya vilima hivyohivyo. Wanaosema fidia ipokelewe na shauri lifungwe, naomba wanijibu hili kwanza: mtu ambaye hakuuza, na ambaye leo analazimika kununua kilicho chake, akitia saini ya kupokea bei, atakuwa amekubali nini?