Mdogo wangu anataka kuhaririwa jeni za selimundu, nimkubalie?

Kaka_Mtu: Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu wa kike, miaka 22, ameteswa na selimundu tangu utotoni. Daktari amemtajia Casgevy, tiba ya kuhariri jeni. Mwenyewe kashakubali, ila mimi silali. Nasikia ule mkasi wa CRISPR, zana inayokata DNA ili kuihariri, huweza kukata pasipotakiwa. Akija kupata saratani je?

SeliShina: Mkuu, hofu yako ina msingi. Mkasi huongozwa na RNA, molekuli inayotafuta mpangilio fulani wa herufi za DNA. Ikikuta unaofanana nao kwingine, huweza kukata huko. Hata palipokusudiwa, mara nyingine kipande kikubwa hupotea. Ila hapa seli shina za damu, zile zinazozaa seli nyingine za damu, hutolewa, zikahaririwa maabara na kupimwa ndipo zirudishwe.

MamaWawili: Mkasi, mkasi! Busulfani mbona hamuitaji? Kabla seli hazijarudishwa, uboho husafishwa kwa dawa hiyo. Vidonda mdomoni, kinga chini kabisa, na uzazi unaweza kupotea. Mimi niliipata kabla ya kupandikizwa uboho. Habari ya kugandisha mayai niliisikia nimeshachelewa.

Kaka_Mtu: Pole sana dada. Hilo hakuna aliyetugusia.

Bwana_Tahadhari: Kijana alikufa kwa mambo haya haya Marekani 1999. Achaneni nayo.

SeliShina: Huyo ni Jesse Gelsinger, aliyekuwa kwenye jaribio la tiba ya jeni, na hakukuwa na mkasi wowote. Kirusi kilichobeba jeni ndicho kilichoamsha kinga yake kupita kiasi. CRISPR kama zana ya kuhariri imekuja 2012, tusichanganye. Kilichokaribia hofu ya Kaka_Mtu ni wale watoto wa Ufaransa waliotibiwa kwa jeni wakapata leukemia, saratani ya damu, baada ya kirusi kupachika jeni jirani na jeni ya saratani. Casgevy haitumii kirusi.

Ila nisikupambie. Kwenye jaribio lililoipatia kibali Marekani Desemba 2023, wagonjwa 29 kati ya 31 waliotathminiwa walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Matokeo mazuri mno! Lakini dosari inayompata mmoja kati ya 1,000 utaionaje kwa watu 31? Ndiyo maana wagonjwa wa jaribio wanafuatiliwa hadi miaka 15.

MamaWawili: Na yeye mwenyewe anasemaje?

Kaka_Mtu: Nimemsomea yote haya. Kaniambia, "Kaka, hiyo miaka 15 ya kupimwa naitaka." Kuhusu mayai kanyamaza, kisha akaomba tumpigie daktari kesho.