Naombeni ushauri: mashairi ya Wapalestina kuhusu familia vitani, niyasomesheje kidato cha tatu?

Mwalimu wa Kasulu

Wanajamvi, habari za jioni.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Kasulu, Kigoma, na ni mlezi wa klabu ya fasihi ya shule. Muhula ujao nimekusudia tusome mashairi ya Wapalestina. Yale yanayosomwa kwenye maandamano yana mahali pake, lakini mimi natafuta ya ndani ya nyumba: mama na mkate wake, baba anayesubiriwa, watoto wanaofichana.

Lililonianzisha ni la Mosab Abu Toha, aliyezaliwa 1992 katika kambi ya wakimbizi ya al-Shati, Gaza. Ni usiku wa Mei 2021, mabomu yanaanguka, familia imekaa sakafuni mbali na madirisha. Binti yake wa miaka minne anasikia mlipuko, anajiziba mdomo kwa pindo la gauni. Kaka yake wa miaka mitano na nusu anachukua blanketi lenye joto la usingizi wake, anamfunika nalo dada yake, anamwambia sasa unaweza kujificha. Wazazi nao wanaomba lipatikane blanketi la ajabu la kuzifunika nyumba zote. Tangu nilisome, sijalitoa kichwani.

Nimejaribu kulitafsiri na nimekwama. Nikilitia vina na mizani, linaimbika vizuri ila yule mtoto anapotea, yanabaki maneno ya kujazia kina. Nikiliacha huru, naogopa wanafunzi waliozoea tarbia, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, watasema hili si shairi.

Kubwa zaidi ni hili. Darasani nina watoto ambao wazazi wao walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita Kongo, na wengine wametoka Burundi. Wapo walioanza shule ndani ya kambi ya Nyarugusu. Sijui kama nawafungulia mlango au nawatonesha kidonda.

Nianzie wapi, na niyasomeje nao? Nawasilisha.

Bint Makunduchi

Mwalimu, hongera kwa nia. Mimi nimesoma Kiarabu na haya mashairi naishi nayo, kwa hiyo niruhusu niseme kidogo kwa urefu.

Anza na Mahmoud Darwish, shairi la "Ila Ummi", yaani "Kwa Mama Yangu". Darwish alizaliwa 1941 katika kijiji cha al-Birwa, Galilaya. Mwaka 1948 familia yake ilikimbilia Lebanon, na waliporudi kwa siri wakakuta kijiji kimebomolewa. Shairi lenyewe ni la miaka ya sitini, yeye ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ameonja jela ya Israel. Anasema anautamani mkate wa mama yake, kahawa ya mama yake, mguso wa mkono wa mama yake. Halafu anasema anaupenda uhai wake kwa kuwa akifa ataona haya mbele ya chozi la mama. Hapo ndipo darasa litanyamaza, utaona. Marcel Khalife wa Lebanon alilitia muziki, na leo hata Waarabu wasiosoma mashairi wanaliimba.

Kisha wasomee kipande cha kitabu chake kuhusu Beirut, Agosti 1982. Jeshi la Israel limeuzingira mji, makombora yanaanguka tangu alfajiri, na mtu huyu anachowaza ni namna ya kufika jikoni achemshe kahawa, kwa sababu jiko lake limeelekea baharini na lina vioo. Ni nathari, si shairi, lakini usiiache. Watoto wengi wanadhani vitani watu hupigana tu au hukimbia tu. Hapa wanamwona mtu mzima anapima idadi ya hatua za kwenda kwenye birika.

Kuhusu vina usiumie. Darwish mwenyewe hakubanwa na kasida za kale za Kiarabu, zenye kina kimoja mwanzo hadi mwisho: mapigo yamo, ila mshororo unakwenda urefu unaotakiwa na maana. Taha Muhammad Ali, Mpalestina mwenzake, aliyaacha hata mapigo, akaandika karibu na maongezi ya barazani. Ukiyaleta huru kwa Kiswahili umeyaleta kama yalivyo. Na wanafunzi wakisema si mashairi, huo ni mjadala wa kufundishia: mshairi wetu Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, "Kichomi", mwaka 1974, wakubwa waligombana kwa hoja hiyohiyo.

Mdadisi wa Temeke

Mwalimu, sina ubaya na wewe, lakini nauliza kwa moyo. Kwa nini Palestina? Kongo iko ng'ambo ya ziwa tu, Sudan inaungua. Na mzazi akija shuleni kukuuliza habari ya wale vijana wetu wawili waliokwenda Israel kusomea kilimo, wakauawa katika shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023, utamjibu nini? Angalia usije ukaonekana unachagua maiti wa kulilia.

Mwalimu wa Kasulu

Mdadisi, swali lako ni la haki na nimelibeba tangu nilipoanza kupanga jambo hili. Mzazi huyo nitampa kiti, nitampa pole, kwa sababu wale walikuwa watoto wa Watanzania wenzetu na mama zao wanalia kama mama yeyote. Halafu nitamsomea "Kisasi" cha Taha Muhammad Ali.

Huyu mzee alizaliwa 1931 Saffuriya, kijiji kilichotwaliwa na kufutwa 1948. Akaishia Nazareti, mwendo mfupi tu kutoka kijiji kilichokuwa chake, akiuza vitu vya ukumbusho kwa watalii, akijisomea mwenyewe usiku. Katika shairi hilo la 2006 anamwazia mtu aliyemuua baba yake na kuibomoa nyumba yao. Anatamani wakutane wapigane hadi mmoja afe. Lakini anasema, ikibainika kwamba mtu huyo ana mama anayemngoja, au baba anayejiwekea mkono kifuani pale mwanawe anapochelewa hata robo saa, basi hatamuua. Anaendelea kuhesabu: ndugu, mke, watoto, majirani, hata aliyelazwa naye wodi moja hospitalini. Kila mtu anayempenda adui yake anakuwa sababu ya kumwacha hai. Na akiwa hana yeyote, mpweke kama tawi lililokatwa mtini, hataki kumwongezea uchungu. Atampita tu barabarani bila kumjali.

Aliyepoteza kijiji kizima ameandika hivyo. Sijui andiko jingine ninaloweza kumwekea mkononi kijana wa miaka kumi na sita mwenye hasira, awe analia kwa ajili ya Gaza, au ya Uvira kule Kongo, au ya wale vijana wetu wawili.

Na Kongo naitaka sana. Mwenye mashairi ya Kiswahili ya Bukavu au Kalemie anitumie, tutayasoma sambamba.

Kivu Yetu

Mwalimu, mimi ni mtu wa Uvira, nimekulia Nyarugusu hapohapo wilayani kwenu, sasa niko Norway. Nakuomba unisikilize kwa hili kuliko mengine yote.

Usimwambie mtoto yeyote "na wewe tueleze yaliyokupata". Nilisomeshwa hadithi ya vita na mwalimu mwema kabisa, akaimaliza, akanigeukia: wewe wa Kongo unasemaje? Darasa zima likanitazama. Siku ile sikuwa mwanafunzi tena, nikawa maonyesho. Watangazie siku chache kabla mtasoma nini, na anayetaka kukaa karibu na mlango akae. Wape wale watoto kazi kama wenzao: huyu asome, huyu aandike ubaoni, huyu abishe. Atakayetaka kusema la kwake atakufuata mwenyewe nje, pengine mwezi mzima baadaye.

Lakini usiache kusoma nao. Mtoto aliyeona vita anajua kwamba watu wazima wanazunguka maneno, na hilo linamchosha.

Ningechagua la Darwish la baba na mwana, limo katika kitabu chake cha 1995. Wanaondoka kijijini usiku, mtoto anauliza: kwa nini umemwacha farasi peke yake? Baba anajibu: ili nyumba isikae mpweke, mwanangu, kwani nyumba hufa wenyewe wakiondoka. Sisi tuliacha mbuzi na baiskeli. Nilimuuliza baba swali kama hilo njiani kuelekea ziwani na hakunijibu. Nilipolikuta shairi hili ukubwani nikampigia simu nikamsomea. Tulikaa kwenye simu muda mrefu, na safari hii akaniambia aliwaza nini siku ile.

Mzee wa Langoni

Mwalimu, amani iwe kwako. Bint Makunduchi amesema ya Waarabu vizuri, nami niongeze la kwetu Lamu.

Wanafunzi wako wasidhani kuandika nyumba wakati wa fujo ni jambo geni. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, aliyepambana miaka mingi na Seyyid Said, sultani wa Unguja. Mume amefariki, yeye mwenyewe mgonjwa, na mwaka 1858 anamtungia binti yake utenzi. Katika beti za mwanzo anamwambia:

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na qaratasi*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia*

Keti karibu, lete wino na karatasi. Vita vya mumewe havikuwa hadithi aliyotaka kumwachia mwanawe. Alimwachia dini, adabu, namna ya kuishi na watu na kuendesha nyumba. Kuna mashauri yake kwa mke ambayo mabinti wa leo watayapinga, na wapinge. Lakini liweke kando ya lile la Darwish: huku mama anamwandikia binti, kule mwana anamwandikia mama. Wote wawili ni watu wa nyumba zilizopitiwa na vita. Na utenzi una vina, kwa hiyo wale wapenzi wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, nao watapata haki yao.

Mwana wa Mlimani

Mwalimu, usikomee kwa wazee. Refaat Alareer alifundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, akauawa 6 Desemba 2023 kwa shambulio la anga pamoja na kaka yake, dada yake na watoto wa dada. Shairi lake limetafsiriwa kila pembe ya dunia: ikinibidi kufa, wewe uishi usimulie habari yangu, uza vitu vyangu ununue kitambaa na nyuzi, utengeneze tiara jeupe lenye mkia mrefu, ili mtoto anayemngojea babaye aliyeondoka bila kumuaga mtu alione angani adhani ni malaika. Hata watengeneze tiara kweli, klabu nzima.

Yupo pia Heba Abu Nada, mshairi na mwandishi wa riwaya, aliyeuawa Khan Younis 20 Oktoba 2023. Na la Zeina Azzam, Mpalestina wa Marekani, ambamo mtoto anamwomba mama amwandikie jina mguuni kwa maka peni, wino usiofutika, ili ajulikane bomu likianguka. Hilo linachoma kuliko yote, ningeanza nalo.

Kivu Yetu

Mdogo wangu, hilo la jina mguuni usimpe mtoto aliyewahi kutafuta ndugu kati ya maiti. Shairi ni la kweli na ni zuri. Mwalimu alisome yeye, awape watakapokuwa watu wazima. Tiara sawa.

Mwalimu wa Kasulu

Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Nimeamua hivi: "Kwa Mama Yangu" na beti za Mwana Kupona siku moja. Kisha blanketi, nitaliacha huru. Kisha farasi, na hapo nitasoma mimi mwenyewe bila kumuuliza mtu kitu. "Kisasi" nitakipa vipindi viwili, kwa sababu ndicho nataka wabishane nacho, na Mdadisi nakukaribisha ukipita Kasulu. La Alareer litakuwa la mwisho na watakaotaka watatengeneza tiara. La Azzam nitalihifadhi.

Mkuu wa shule anataka maandiko yote kabla sijaanza, na ana haki. Bint Makunduchi, naweza kukutumia tafsiri zangu uzilinganishe na Kiarabu? Na kama si usumbufu, turekodie "Ila Ummi" kwa sauti yako, wasikie lilivyo kabla ya kulisoma kwa Kiswahili.

Bint Makunduchi

Zitume faraghani leo. Sauti nitakurekodia kesho baada ya alasiri, watoto wakiwa chuoni. Nitalisoma polepole mara ya kwanza, halafu mara ya pili kwa mwendo wake.