Tupeane uzoefu: msumeno wa mpini mrefu ulikufanya nini?

Kuti Kavu
Wakuu, leo nimesikia ule mlio wa kuti kavu likichanika juu ya mti, bega likaanza kuniuma lenyewe. Mwaka juzi nilinunua msumeno wa mkono, ule ambao vipande vya mpini vinaingiana, mita sita ukiurefusha wote. Ukiwa mfupi raha tupu, unatamba nao uani. Urefushe sasa! Kichwa kinayumba kama ndoano ya mvuvi, unalenga kuti unakata hewa, na ukivuta, mpini unapinda kwanza ndipo meno yaume. Makuti manne tu, siku tatu kikombe cha chai nakinyanyua kwa mikono miwili. Nataka kununua mwingine: wa betri, au wa mkono tena? Lakini kwanza semeni, nani mwingine aliumbuka?

Mama Bustani
Hizo mita sita ulizisoma kwenye boksi? Wengine huwa wanajumlisha na kimo cha mtu aliyeinua mikono. Pima mpini wenyewe.

Kuti Kavu
Nimeupima sasa hivi. Mita nne na kitu. Asante kwa kuniharibia siku.

Mkwezi Mstaafu
Nimepogoa miti miaka mingi, na kilichonitoa jasho halikuwa kuti, lilikuwa tawi. Nene kama paja, limelala juu ya paa. Nikaanza kukata kutoka juu moja kwa moja, maana nilikuwa na haraka. Nilipofika katikati likavunjika kwa uzito wake, likachana gome chini hadi kwenye shina, likaning'inia kwa ule utepe wa gome. Kisha likageuka, likauteremkia mpini kuja kwangu kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Niliuachia, nikaruka. Lilitua pale pale nilipokuwa nimesimama.
Tangu siku hiyo naanza chini ya tawi, mkato mfupi, kama sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina. Nasogea nje kidogo nakata kutoka juu, uzito unaondoka. Mwisho namalizia kisiki karibu na shina, ila ule uvimbe tawi linapoanzia siugusi, ndiko mti unakofungia kidonda. Na mpini nauelekeza kwa mshazari. Ukiusimamisha wima, maana yake uko chini ya unachokikata.

Nyundo Saba
Hapo kwenye wima umenena. Mimi unga wa mbao ulinijaa macho, sasa bila miwani sigusi.

Bin Mwembe
Chukua mpini wa alumini, mwepesi. Wa fibaglasi ni mzigo, mkono utakufa mapema.

Nyundo Saba
Alumini inapitisha umeme, ndugu yangu. Mwepesi mpaka kaburini.

Bin Mwembe
Nani kazungumzia umeme? Kaulizia makuti. Ila kama unaogopa waya, si ndiyo ununue fibaglasi ukate tu?

Mama Bustani
Usimpotoshe mwenzio! Fibaglasi ikilowa au ikiwa na uchafu nayo inapitisha, na tawi bichi lina maji. Karibu na waya, chini ya mita tatu, hakuna mpini wa kukuokoa. Piga simu kwa watu wa umeme.

Bin Mwembe
Haya mwalimu.

Shoka Butu
Mnabishania mpini, mimi wangu uko juu ya mti mpaka leo.
Nilikuwa na wa betri, ubapa wa cheni sentimita 20, safi kabisa kwenye matawi. Nikajaribu kwenye mtende wenye ile sketi ya makuti makavu yaliyolala kwenye shina. Dakika mbili tu nyuzi zikajisokota kwenye cheni, ikanasa. Nikawa natikisa. Tikisa, tikisa. Nikasikia mvumo, nikadhani mota imejiwasha. Nikaachia kitufe, mvumo unaendelea! Wakuu, ilikuwa nyumba ya nyuki. Nilikimbia bila kiatu kimoja. Nilipochungulia dirishani, msumeno unaning'inia juu na nyuki wanauzunguka kama wana harusi.

Kuti Kavu
Nimecheka mpaka bega limeuma upya. Betri uliitoa?

Shoka Butu
Niitoe vipi? Iko upande wa kichwa.

Nyundo Saba
Kiatu je?

Mkwezi Mstaafu
Shoka Butu, usipande kuufuata. Sketi ile ikikatika inashuka yote kwa mkupuo, imewahi kuwabana wakwezi hadi wakakosa pumzi. Na Kuti Kavu, jibu lako hili hapa: makuti, msumeno wa mkono wenye ubapa uliopinda, unaouma ukivuta. Matawi mengi manene, wa betri, ila ushike dukani ukiwa umerefushwa wote. Uzito wa mota huko juu si ule unaousikia ukiwa umeukunja.

Mama Bustani
Na makuti mabichi msiyanyoe jamani! Ondoa yaliyokauka na yaliyoinamia chini, yaliyosimama yaache. Mnazi na mtende havifungi kidonda kama mwembe, na ukijeruhi kilele umeua mti mzima. Meno uyafute kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine, kuna fangasi wa mitende wanaosafiri na msumeno.

Bin Mwembe
Mimi sijawahi kufuta na miti yangu mizima.

Mama Bustani
Una mitende?

Bin Mwembe
Nina miembe.

Kuti Kavu
Basi nachukua wa mkono, mfupi kuliko huu. Yasiyofikika nitamwita mwenye kazi yake. Shoka Butu, wako umeshashuka?

Shoka Butu
Bado. Leo nimeona wameanza kujenga kwenye mpini.