Albamu ya pili ya bendi ya vichekesho, turudie utani uleule au tubadilike?

Mtoto_wa_Ujiji

Wakuu habari za mida hii. Niko Ujiji hapa Kigoma, naombeni mawazo yenu maana bendini tuko watatu na tumeshindwa kuelewana na studio tumeshalipia nusu.

Tuna kabendi ketu, magitaa mawili na dramu, tunapiga nyimbo za kuchekesha ila kwa staili ya roki, sio singeli sio bongofleva. Mwaka juzi tulirekodi nyimbo tisa pale Mwanga, zikatembea kwa WhatsApp na kwenye memori kadi za madereva bajaji, na ule wa mgebuka, samaki wetu wa ziwani, aliyekataa kukaangwa mpaka leo nikipita Kibirizi wale mama wanaoanika dagaa wananiimbia kiitikio. Sasa tunaandaa ya pili. Mpiga dramu wetu anasema watu wanataka mgebuka, tuwape mgebuka sehemu ya pili, akiisha tuhamie kwa kuku, akiisha kuku mbuzi. Mimi moyo unakataa ila sina hoja ya kumshinda.

Ndo nikakumbuka kaseti moja. Mjomba wangu alikuwa dereva kwenye shirika la kuhudumia wakimbizi, miaka ile ya 97, 98 Kigoma imejaa wageni, mzungu mmoja mkataba wake ulipoisha akamwachia boksi la kaseti. Moja imeandikwa II, bendi inaitwa The Presidents of the United States of America. Mjomba kusoma jina akajua ni hotuba, akaitupa pembeni, nikaichukua mimi. Nimeisikiliza ile kaseti mpaka kile kisponji cha ndani kikang'oka nikabandika kingine, na kuirudisha mwanzo nilikuwa naizungusha kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Kiingereza nilikuwa sijui kabisa. Nilicheka kwa ajili ya sauti tu, vile gitaa linakata ghafla jamaa anabaki anaimba peke yake kama kasahaulika, halafu wote wanarudi kwa kishindo. Kuna volkano humo, kuna chura, kuna mji wa wadudu, na inafunguliwa na wimbo wa kukaribisha watu, Ladies and Gentlemen, halafu inafungwa na huohuo sehemu ya pili.

Baadaye sana nilipopata intaneti ndo najua kumbe ile ni albamu ya pili, ya 1996. Ya kwanza ya 1995, yenye Lump na Peaches, ndo iliwapa jina, Marekani peke yake ilifika platinamu mara 3 yaani milioni 3, na hii yangu ikaishia dhahabu, laki 5. Haikupita muda mrefu bendi ikavunjika. Kila nikisoma watu wanaitaja kama anguko. Sasa mimi niliyeisikia ya pili kabla ya ya kwanza sijawahi kuliona hilo anguko lilipo, naipenda hadi kesho. Naomba wanaoelewa muziki wanisaidie, walikosea wapi hawa jamaa? Au hawakukosea ila watu walikuwa wanasubiri Peaches nyingine?

Kamba_Mbili

Mkuu umenigusa sana, mimi niko Tabora, hii bendi nilidhani mkoa mzima tunaijua watu wawili na mwenzangu alishahamia Mwanza.

Nianze na vyombo maana wengi hawajui. Chris Ballew anayeimba alikuwa anachukua gitaa la kawaida anatoa kamba zote anaweka 2 tu, nene, analiita basitar. Mwenzake Dave Dederer analo la kamba 3, guitbass. Kwa hiyo jumla ni kamba 5 kwa watu wawili, nyuma yao Jason Finn na dramu zake, basi, hiyo ndo bendi nzima kutoka Seattle wakati Seattle yote iko kwenye granji, ile roki nzito ya huzuni. Hilo la kamba 2 Ballew alilipata kwa Mark Sandman wa bendi ya Morphine, walipiga pamoja Boston kabla. Na kwetu sio jambo geni, zeze lina kamba moja au mbili na mzee anakusimulia kesi ya ng'ombe tangu alipoibiwa hadi hukumu bila kupungukiwa noti.

Nilijaribu. Niliondoa kamba nne za chini nikabaki na zile mbili za juu nene, nikakaa nayo wiki nzima kibarazani. Ukweli vidole vinakosa pa kujificha mkuu. Huwezi kupamba, huwezi kujaza nafasi kwa kodi (chords) za kila aina, kila ukinyamaza kimya kinasikika, na hicho kimya ndo kilichokuwa kinakuchekesha wewe utotoni bila kujua neno hata moja.

Sasa kwenye II vyombo ni vilevile, watu walewale, utani uleule wa wanyama na mavitu madogomadogo. Kwa hiyo hawakuacha walichokuwa nacho, na nadhani hapo ndo penyewe. 1995 hakuna mtu alikuwa ametegemea kusikia jambo kama lile redioni. 1996 kila mtu anategemea. Mshangao huwa unauzwa mara moja tu. Wewe kaseti ya pili ndo ilikuwa mshangao wako wa kwanza ndo maana unaipenda, na sio kwamba sikio lako ni bovu, sikio lako ndo lilisikiliza nyimbo zenyewe bila kelele za mwaka uliopita.

Mama_Gungu

Mimi sio mwanamuziki nasikiliza tu nikiwa jikoni, ila naomba niseme kidogo. Nilikuwepo kwenye ile harusi hapa Gungu mlipopiga mgebuka, watu walicheka mpaka bibi mmoja akakaa chini, hivyo mpiga dramu wenu msimwone mjinga, anachosema amekiona kwa macho yake.

Lakini mdogo wangu nikwambie, yale maneno ya kuchekesha nilicheka mara tatu nne, sasa hivi hata siyasikii tena. Ninachosubiri kwenye ule wimbo ni pale mgebuka anaposema "zima jiko kwanza tuongee", kila kitu kinanyamaza, halafu gitaa la chini linaingia peke yake pole pole dum dum dum. Hapo hata kama nasonga ugali nasimama na mwiko. Mwanangu ana miaka minne, utani wenyewe haujui, yeye anaimba hilo dum dum tu siku nzima. Kwa hiyo mkinipa mgebuka wa pili bila hiyo dum dum sitamtaka, na mkinipa wimbo wa kitu kingine kabisa wenye hiyo dum dum nitaupenda. Sijui kama nimeeleweka.

Kamba_Mbili

Mama Gungu umeeleweka kuliko mimi niliyeandika gazeti zima.

Akodiani_ya_Babu

Wakuu naongeza bendi nyingine hapa maana Presidents ni upande mmoja tu wa habari. Kuna They Might Be Giants, John Flansburgh na John Linnell, walikua wote mji mdogo wa Lincoln kule Massachusetts wakahamia Brooklyn. Wawili tu, mmoja gitaa mmoja akodiani na saksofoni, dramu zinatoka kwenye mashine na kanda. Walifungua laini ya simu wakaunganisha na ile mashine ya kurekodi ujumbe, ukipiga namba yao hupokelewi na mtu, unasikia wimbo. Waliita Dial-A-Song, wakawa wanatangaza namba gazetini na kubadilisha nyimbo mara kwa mara, na hapo ni miaka ya 80 hakuna intaneti ya mtu wa kawaida.

Albamu ya kwanza 1986. Ya pili 1988, wakaiita Lincoln, jina la kwao nyumbani. Haikuwaangusha, iliwapandisha, na ya tatu, Flood ya 1990, ikatoka chini ya Elektra ambayo ni lebo kubwa, yaani kampuni ya kutoa muziki, na wimbo wa Birdhouse in Your Soul ukafika namba 6 Uingereza. Huo wimbo anayeimba ni taa ndogo ya usiku yenye umbo la ndege, inaongea na mwenye chumba. Unachekesha ukiusimulia, ukiusikiliza unakuta ni wimbo mzuri hasa, melodi inapanda na kushuka mahali ambapo hukutegemea.

Kwa nini hawa albamu ya pili iliwabeba na wale haikuwabeba? Mimi naona ni ile simu. Walikuwa na mahali pa kujaribia nyimbo kila wakati, nzuri na mbovu, kwa hiyo hawakuingia studio na nyimbo kumi za kubahatisha. Presidents walilipuka kwa mwaka mmoja, ziara huku na huku, hadi Mount Rushmore, ule mlima wenye sura za marais wa Marekani, walipiga mwanzoni mwa 1996 kwenye sikukuu ya marais, na mwaka huohuo albamu nyingine inatakiwa dukani. Muda wa kuzijaribu nyimbo mbele ya watu wasiowajua wanautoa wapi?

Ushauri wangu kwa Mtoto wa Ujiji, msibishane tena wenyewe kwa wenyewe bendini. Kapigeni nyimbo zote mbele ya watu kabla ya kulipa nusu iliyobaki.

Mzee_wa_Reli

Vijana hongereni kwa mjadala. Mimi nimekulia Tabora enzi za Tabora Jazz, na pale dansini wimbo ulikuwa unapigwa miezi na miezi ndipo waende kuurekodi Dar redioni. Watu wakirudi kukaa vitini, wimbo unarudi kufanyiwa kazi. Hakuna aliyekasirika. Huyo wa akodiani amesema kweli.

Akodiani_ya_Babu

Shikamoo mzee. Asante kwa hilo.

Mtoto_wa_Ujiji

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa, umeme ulikuwa wa shida. Mzee wa Reli shikamoo. Nimefanya mlivyosema.

Juzi jioni tulienda Kibirizi na gitaa moja na ndoo ya kugonga, tukakaa karibu na zile chanja. Tukaanza na mgebuka sehemu ya pili ya mpiga dramu. Beti la kwanza mama walitabasamu, la pili wakarudi kugeuza dagaa, yeye mwenyewe aliona, sikusema neno. Halafu nikapiga huu ambao nilikuwa nao kwenye daftari tangu mwaka jana nikiuonea aibu, ni wimbo wa taa ya mtumbwi inayomuonea wivu mwezi. Mnajua huku siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni. Basi taa inalalamika, mimi nanunuliwa kwa mkopo, nasuguliwa kioo, nabebwa kwa heshima, yule wa juu hajawahi hata kulipiwa betri na mimi ndo nimelazwa chini ya turubai. Nikaweka ile dum dum ya Mama Gungu baada ya neno turubai na kimya kabla yake.

Wakacheka pale kwenye mkopo. Ila mama mmoja mumewe ni mvuvi hakucheka, alisimama na kapu lake mpaka mwisho, akasema rudia hapo pa kulazwa. Tukarudia mara tatu. Mara ya tatu walikuwa wanaimba wao.

Kurudi njiani mpiga dramu akasema haya, taa iingie, ila mgebuka hawezi kutupwa hivihivi, ametulisha. Nikamweleza ile Ladies and Gentlemen inavyofungua na kufunga, tukakubaliana mgebuka aje sekunde 20 mwanzo anakaribisha watu na sekunde 20 mwisho anaaga, katikati tuko huru. Na jina la albamu yeye ndo kasema tuiite Kibirizi.

Studio ni Alhamisi. Kamba_Mbili mkuu, zile mbili ulizobakiza uliziacha kwenye tuning ya kawaida, yaani zikiwa zimekazwa kama kawaida, au ulishusha?

Kamba_Mbili

Nilishusha mkuu, ile nene kabisa kwanza, mpaka inakaribia kulegea lakini bado inalia. Ya pili utaitafuta kwa sikio juu ya hiyo. Nunua kamba mpya usitumie za zamani, za zamani ukishusha zinagonga shingo ya gitaa, na Alhamisi utanijulisha imekuwaje.