Wakuu, "kibubu" maana yake ni siri? Nisaidieni kabla ya Ijumaa

Kidume_Makini: Habari wakuu. Nina ubishi na shemeji yenu. Mimi nasema kibubu ni kisanduku cha akiba ya nyumba nzima. Yeye anasema neno lenyewe lina siri ndani yake. Asili yake ni nini?

MwalimuMstaafu: Ni bubu, mtu asiyesema, na ki- ya udogo. Kinameza hela kwenye kile kitundu na hakikwambii kimekula ngapi mpaka ukivunje. Usichanganye na kibindo: huo ni mkunjo wa nguo kiunoni, bibi zetu walifutika senti humo. Ndiyo maana magazeti bado yanaandika fulani "katia kibindoni" mamilioni.

MamaWawili: Ahsante mwalimu. Ila Ijumaa kuna nini?

Kidume_Makini: Anarudi kutoka kwao.

MamaWawili: Kibubu cha nani, kaka?

Kidume_Makini: Chake. Ila sikukivunja! Nimeng'oa misumari ya chini taratibu, nikatoa 340,000 ya tairi na bima ya bodaboda, nikagongelea upya. Pikipiki ndiyo inalisha nyumba. Mle kulikuwa na zile noti za 500 rundo zima, zote nimezimalizia duka la spea juzi. Nitarudisha kidogo kidogo.

BabaJ: Bibi yangu alichimbia kopo la maziwa karibu na mafiga. Tulipolifukua baada ya msiba, mchwa walikuwa wamesharithi.

FundiMbao: Vibubu nauza mimi. Wateja wajanja wananiambia nizamishe vichwa vya misumari, juu nipake rangi. Chako kilikuwa na rangi?

Kidume_Makini: Bluu.

FundiMbao: Umekwisha.

Mkaguzi_Huru: Chai hii, leteni vitafunwa. Benki Kuu ilibadilisha noti za zamani, za 500 zikiwemo, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazinunui hata kiberiti. Duka gani la spea limekupokelea rundo juzi?

MamaWawili: Na mimi nilishaanza kumhurumia dada wa watu!

BabaJ: Mods, futeni uzi.

Kidume_Makini: Sio chai. Sawa, walizikataa. Tairi nimelipia za elfu kumi. Za 500 zipo hapa mezani, 86,000, kazikunja nne nne. Nahisi hajui kama zimekufa. Nikimwambia, atauliza nimezionaje.

FundiMbao: Kopo dogo la bluu ninalo. Njoo na kibubu, nione ni bluu ipi.